Kujitia Hamnazo

Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Mzee Hamnazo, na yeye akaitika; yaani aliitika pale alipomwona anayemwita. Asipomwona hakuitika, na hapo ndipo jina lilipozaliwa.

Tuelewane kwanza kuhusu neno lenyewe, maana watu wanalitumia ovyo. Asiyejua jambo haambiwi anajitia hamnazo. Huyo hajui tu, basi, na kutojua si kosa. Anayejitia hamnazo ni yule aliyesikia vizuri, akaelewa vizuri, kisha akakausha kana kwamba hakuna kitu. Unamwambia mwanawe kakuvunjia dirisha, yeye anakuuliza kama mvua itanyesha. Mpangaji anayeona bomba la wote linamwaga maji, akalipita huku anapiga mluzi, huyo ndiye hasa. Ni neno la lawama, sikatai, lakini ndani yake mna heshima fulani, kwa sababu linamhesabu mtu kuwa ana akili zake timamu na masikio yake mawili. Linasema huyu angeweza, ila hataki.

Na Mzee Hamnazo aliitaka heshima hiyo kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu alikuwa kiziwi.

Hakuzaliwa hivyo. Aliingia kiwanda cha mbao akiwa kijana wa masharubu mapya, akasimama mbele ya msumeno wa duara, na palepale mbele ya msumeno akazeekea. Masikio yalimtoka kidogokidogo, kama rangi ya shati linavyotoka. Vikaanza kupotea vitu vidogo: saa ya ukutani, ndege wa asubuhi, maji yanapoanza kuchemka. Kisha zikapotea sauti za wanawake, halafu za wanaume, mpaka akabaki na mvumo mmoja kichwani usiozimika hata Jumapili. Mshindo mkubwa bado aliupata, lakini aliupata zaidi kwa nyayo za miguu. Mengine yote aliyasoma midomoni, na kwa kusoma midomo alikuwa fundi. Ukimtazama usoni ukasema naye, mlizungumza mkamaliza na wewe usijue lolote.

Siku ya jina, nyapara alisimama nyuma yake akamwita mara kadhaa, naye akaendelea kupima ubao wake. Nyapara akawageukia wenzake akasema, "Mwacheni huyu, anajitia hamnazo." Watu wakacheka. Yeye aliinua macho, akaona vicheko, akalisoma lile neno midomoni mwa mmoja aliyekuwa akilirudia kwa raha zake, na kwa muda wa kupepesa jicho akaelewa kwamba amepewa nyumba ya kujificha. Akakunja uso, akasema, "Ukiniita kama unaita mbuzi, siitiki." Wakacheka zaidi. Tangu hapo akawa mtu wa kiburi, na kiburi kikamlinda vizuri kuliko ukweli.

Maana ukweli ungemfanya nini? Kiziwi hawekwi kwenye msumeno. Angepewa ufagio na gunia la unga wa mbao, azunguke uani akipigiwa makofi kama kuku. Mwenye kiburi watu humsengenya, lakini humwogopa. Kiziwi husemwa mbele ya uso wake, akicheka nao. Aliwahi kuliona hilo kwa macho yake, na akaapa halitampata.

Basi akawa mtu anayejifanya anajifanya. Sijui kama lugha ina neno la hilo. Alijifunza kuongea sana, maana anayeongea hahitaji kusikiliza. Barazani alikaa akiuelekea mlango. Redio aliiwasha mwenyewe, akaigombeza: "Waongo hawa!" na jirani zake wakaamini kwamba anafuatilia habari kuliko wao. Alikosea mara mojamoja. Jirani mmoja alimwambia gizani kwamba mkewe amemkimbia, naye akamshika bega akasema, "Mungu azidishe." Jirani yule hakumsalimia tena, na mtaa mzima ukasema kweli, yule mzee ana moyo mgumu.

Mtu atauliza, na mkewe je? Wameishi nyumba moja miaka yote hiyo asijue? Ndugu zangu, ndoa ndefu ina namna yake ya kutosikilizana, na wanawake wengi hawawezi kutofautisha mume kiziwi na mume wa kawaida. Mkewe alimsemesha akiwa jikoni, hakujibiwa, akasonya. Akaja mbele yake amefura, akarudia, akajibiwa vizuri. Alichojifunza ni kwamba mumewe hujibu anapotaka. "Baba watoto," alikuwa akimwambia, "wewe mwenyewe ndiye unayechagua maneno ya kusikia."

Mtu aliyefanya naye kazi kwa karibu zaidi alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamume mwembamba mwenye mzaha mwingi. Mzee Hamnazo ndiye aliyemwingiza kiwandani. Kwenye msumeno wao walikuwa wawili: mkubwa akisukuma ubao mbele, mdogo akiupokea upande wa pili. Swichi ilikuwa karibu na goti la msukumaji. Mpokeaji hana swichi. Akipata tatizo ana kitu kimoja tu, mdomo wake. Anasema "Zima," na mwenzake anazima. Mambo yalikwenda hivyo kwa miaka bila hata kidole kuchubuka, kwa sababu mkubwa hakuondoa macho usoni mwa mdogo hata kidogo. Wenzao walidhani ni mapenzi ya ndugu. Yalikuwa mapenzi pia.

Sumu iliingia siku mama mkwe alipozidiwa. Habari zilifika kiwandani kwa simu ya nyapara. Shemeji alikuja mbio, akamfikia kwa nyuma, akasema, "Shemeji, mama amezidiwa, twende!" Mkubwa alikuwa ameinamia mstari wa penseli. Hakugeuka. Mdogo akasubiri kidogo, akaona mgongo tu, akaondoka peke yake na machozi ya hasira. Mama mkwe alipona, lakini ukoo haukupona. Kila aliyefika hospitalini aliambiwa: mkwe ameambiwa mama anakufa, akaendelea kupasua mbao. Mkewe aliporudi nyumbani alisimama mbele yake akamuuliza, "Hata mama yangu? Hata mama yangu umejitia hamnazo?"

Hapo angesema. Neno lilifika kwenye ulimi. Akaliona gunia, akauona ufagio, akasema, "Kazi ilikuwa nyingi." Nasema wazi: hapo alinikasirisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mara nyingine kifo hukosea nyumba kikaumbua mtu kwa damu ya mwingine.

Kazini wakaendelea, lakini bila mzaha. Mdogo alipokea mbao akitazama pembeni. Halafu wakaja wakaguzi wa usalama kazini, watu wa kofia ngumu na viatu visivyo na vumbi, wakapima hewa, wakakohoa, wakaondoka. Baada ya wiki chache tajiri wa kiwanda akagawa barakoa, na amri: asiyeivaa arudi nyumbani.

Asubuhi ile Mzee Hamnazo aliingia uani akakuta watu wote hawana midomo. Alisimama pale penye geti, barakoa yake ikiwa mkononi. Nyapara alimjia akipunga mikono, kitambaa cheupe kikitikisika puani, na hakuna herufi hata moja iliyotoka. Akabahatisha. "Sawa," akasema. Nyapara akaenda zake. Wakati wa chai, barakoa ziliposhushwa, akapata kujua kwamba alikuwa ameulizwa kama yuko tayari kukaa na wageni siku ya sherehe ya kiwanda, akakubali. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwenye meza ya msumeno, ambako uso aliouzoea ulikuwa umebaki macho mawili, na macho yale hayakuwa yakimtazama.

Akapanga kutumia nyusi. Nyusi zikipanda, azime. Akapunguza mwendo wa kusukuma, mpaka watu wakaanza kulalamika kwamba mzee amechoka. Kila jioni alirudi shingo imekakamaa kama mti. Kila asubuhi njiani alijiambia leo namwambia shemeji, yeye peke yake, pembeni, tutaelewana. Na kila asubuhi alimkuta shemeji amempa mgongo. "Kesho," alisema. Aliogopa. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Siku yenyewe walikuwa wakipasua mbao za zamani zilizotoka kwenye jengo lililobomolewa, mbao ngumu zenye misumari. Misumari ilikuwa imeng'olewa, lakini si yote. Ubao ulipofika upande wa pili, glovu ya shemeji ilinasa kwenye msumari uliovunjikia ndani. Wakati uleule Mzee Hamnazo aliona ubao umekwenda upande, umetoka kwenye mstari. Akafanya ambalo msukumaji yeyote angefanya: akainama aone mstari, akauvuta ubao kwake kidogo ili aunyooshe. Na ubao ukauvuta mkono.

Shemeji alipiga kelele. "Zima! Zima!" Walisikia waliokuwa kwenye randa, walisikia wapakiaji huko uani, hata mwuza chai nje ya ukuta alisikia akamwaga birika. Mzee Hamnazo aliyeinama na jicho moja limefumbwa alihisi tu ubao umekuwa mzito. Akavuta tena.

Alipoinua macho, barakoa ya shemeji ilikuwa nyeupe vilevile, imetulia, na juu yake macho aliyotamani baadaye asingeyaona. Akazima. Vidole viwili vilikuwa vimeondoka.

Watu walimshika majeruhi, wakamfunga, wakamkimbiza hospitali. Wengine walibaki wakimzunguka yeye. Mtu wa randa alivua barakoa akaitupa chini ili maneno yake yatoke vizuri, na kwa hiyo yakasomeka yote: "Sote tumesikia. Mpaka mwuza chai kasikia. Wewe uliye hatua chache ndiye hukusikia? Mlikuwa mmegombana, tunajua. Hamnazo gani hii, mzee? Hii si hamnazo tena. Huu ni unyama."

Nyapara alimwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Nyumbani mkewe alimpikia, akamwekea chakula, akaenda kulala chumba cha binti yao aliyeolewa. Siku zote zile mumewe hakuona midomo yake ikifunguka. Kisha ukaja ujumbe wa simu, maandishi mafupi kutoka kwa baba mdogo wa mkewe: Jumamosi saa nne, nyumbani kwa mama mkwe, kikao. Kila mtu alijua kikao cha nini. Mkewe alikuwa ameshatoa sanduku juu ya kabati na kulifuta vumbi. Ukoo ukiamua kwamba alivitoa vidole vya kijana wao makusudi, basi binti yao harudi naye.

Njiani kwenda huko aliamua. Angesema ukweli wote. Ufagio na gunia sasa aliviona vitu vyepesi kabisa, na akashangaa vilikuwa vimemtisha nini.

Sebule ya mama mkwe ilikuwa na makochi ya vitambaa vyeupe na dirisha moja. Walimweka kwenye stuli katikati, mgongo wake ukiuelekea mlango, jambo ambalo kwa kawaida asingelikubali. Mama mkwe alikaa kwenye kochi kubwa, bado amedhoofu. Kando yake mkewe, ameinamisha kichwa. Baba mdogo alikaa mbele ya stuli, mtu mnene mwenye sharubu zilizofunika mdomo wa juu, kazi ngumu kumsoma. Shemeji alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono umefungwa mpaka kiwiko, na mke wa shemeji akiwa amesimama nyuma yake kama askari.

Baba mdogo alisema maneno mengi. Mzee Hamnazo alipata nusu: "...mkwe... tumekulea kama... mkono wa mtoto... sababu." Akangoja sharubu zitulie, akasema, "Baba, mimi sisikii."

Baba mdogo akarudia kwa mdomo mkubwa zaidi.

"Hapana. Nasema mimi ni kiziwi. Masikio yangu yamekufa, miaka mingi sasa. Huwa nawasoma midomo. Shemeji alivaa barakoa, na mimi nilikuwa nimeinama. Sikusikia. Na siku ya mama pia sikusikia."

Alitegemea mshtuko. Alichoona ni mke wa shemeji akitupa kichwa nyuma akicheka, kicheko kibaya kisicho na furaha. "Mnaona?" alisema, na alisema akimtazama, kwa hiyo hakuna kilichopotea. "Mmeona maajabu? Mtu anagombana na redio kila siku, leo kiziwi! Maisha yake yote anajitia hamnazo, na hata leo mbele ya kidonda anajitia hamnazo. Kikulacho ki nguoni mwako, nilisema."

"Niliwadanganya," akasema yeye. "Ile redio siisikii."

"Kwa hiyo ulikuwa mwongo jana, leo ndio mkweli?" aliuliza baba mdogo, na mara hii hata sharubu hazikuficha kitu.

Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa amekunja paji la uso, kama mtu anayehesabu kitu cha zamani sana. Lakini kabla hajamaliza hesabu yake, mke wa shemeji alitoka kwenda jikoni, akarudi kimya kwa nyuma na sinia la chuma, akaliachia sakafuni kwa nguvu zote.

Mshindo ulipanda miguuni mwa Mzee Hamnazo mpaka kiunoni. Akaruka kwenye stuli, akageuka.

"Kiziwi huyo!" mwanamke akasema, akimnyooshea kidole. "Kiziwi huyo hapo!"

"Nimeuhisi sakafuni," akasema. "Sakafu inatikisika. Nauhisi kwa miguu, si..." Lakini alipowageukia aliona hakuna anayemsikiliza. Baba mdogo alikuwa akitikisa kichwa. Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Mkewe alikuwa ameacha kuhesabu, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Akamwona anasogea ukingoni mwa kochi, tayari kuinuka, na akajua akiinuka ni kwenda kulichukua lile sanduku. Sikio la kufa halisikii dawa, alisema baba mdogo, au kitu cha namna hiyo.

Hapo ndipo shemeji alipoinuka yeye. Alikuwa amekaa akimtazama shemeji yake bila kupepesa, kama alivyomtazama zamani kwenye meza ya msumeno wakati walipokuwa wakipatana. Akakatiza sebule taratibu, pekupeku, mkono wake mzima umeushika ule mgonjwa, akapita ubavuni mwa stuli kuelekea mlangoni. Mzee Hamnazo akadhani amechoka naye, anatoka nje. Akamwacha apite. Akawatazama wengine waliobaki mbele yake, akajaribu kuwaonyesha uso wa amani, uso wa mtu asiye na ugomvi na yeyote.

Kisha nyuso zao zikabadilika zote kwa pamoja.

Baba mdogo aliacha mdomo wazi. Mama mkwe alijiziba wake kwa viganja viwili. Mke wa shemeji, aliyekuwa ameshaokota sinia na kurudi dirishani, alibaki amelishika kifuani, amekodoa. Na mkewe aliinuka, si kwa kwenda kwenye sanduku, aliinuka kama mtu aliyechomwa, mkono mmoja mbele kumzuia mtu aliye nyuma ya stuli, na machozi yakawa yanamtoka hata kabla hajasimama sawasawa. Hakuna aliyekuwa akimtazama tena mtu wa nyuma. Wote walikuwa wakimtazama yeye.

"Nini?" akauliza Mzee Hamnazo. "Kuna nini?"

Akageuka. Shemeji alikuwa amesimama karibu kabisa, karibu kiasi cha kumgusa, na mdomo wake ulikuwa umeshafungwa.

Mkewe alikuja akapiga magoti mbele ya stuli. Akamshika mashavu kwa mikono yake miwili, akamgeuzia uso kwake, akasema taratibu, neno moja moja, kama ambavyo hakuwahi kusema naye maisha yake yote: "Amemtukana mama yako."

"Nani? Marehemu mama?"

"Marehemu mama yako. Tusi ambalo mtu akilisikia lazima ainuke. Kila mtu huinuka."

"Amesema nini?"

Akatikisa kichwa. "Sitakuambia. Mpaka naingia kaburini sitakuambia." Hakuyaachia mashavu yake. "Ulikuwa unatabasamu, baba watoto. Yeye anasema yale maneno, na wewe unatutazama sisi, unatabasamu."

Shemeji alizunguka stuli akaja upande wa mbele, akahakikisha mwanga wa dirisha unamwangukia usoni. Midomo yake ilikuwa ikimcheza, akangoja mpaka itulie. Kisha mtu yule aliyepoteza vidole viwili akasema, "Nisamehe, shemeji."

Mzee Hamnazo alilisoma lote. Akaanza kulia mbele ya wakwe zake kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua ilikuwa kubwa kiasi gani.